Figo za Mkwe Wangu

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho, ni fundi makochi. Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, na humo ndani vumbi la sponji kuukuu huelea kama unga. Kwa hiyo alipoanza kuziba pua, kisha kupenga vipande vya damu iliyoganda, hakuna aliyeshangaa. Wenzake walimpachika jina la Tarumbeta kwa jinsi alivyokuwa akipenga. Naye alicheka nao, akajifuta kwa kipande cha kitambaa cha kochi, akaendelea kugonga misumari.

Baadaye viungo vikaanza kumuuma, sikio moja likaziba, na miguuni yakatokea madoa ya zambarau ambayo hata ukiyabonyeza hayafifii. Mwili ukapungua mpaka mkanda ukatobolewa tundu jipya. Daktari mmoja akampeleka kwa mwingine, na huyo wa pili, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, akamkata kinyama kidogo ndani ya pua ili kipimwe.

Siku ya majibu ilipofika, binti yangu alikuwa amejifungua na hata kukaa vizuri hawezi. Mimi nilishahamia kwao kumwangalia yeye na mtoto.

"Mama, nenda naye wewe," aliniambia. "Huyu ukimwacha peke yake atarudi aseme daktari amemsalimia tu."

Nikaenda. Lazima niseme kwamba mimi na mkwe wangu tulikuwa tunaheshimiana mno. Nikiingia sebuleni, yeye huinuka. Nikiwa uani nafua, haendi chooni mpaka niondoke, na akitoka huko humwaga maji ndoo nzima, kisha huongeza nyingine. Nilikuwa nikimsifia kwa dada yangu kwenye simu: "Mkwe nimepata, dada. Msafi kuliko wanaume wote niliowazaa."

Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, feni inazunguka kwa uvivu, kitanda kimetandikwa shuka lililopauka. Tulikaa kwenye viti viwili vilivyobanana hivi kwamba mkwe wangu alijikunja upande ili goti lake lisiguse langu.

"Fundi, si vumbi," daktari alisema. "Ni ugonjwa wa mishipa ya damu. Kinga ya mwili, ile inayopaswa kupigana na vijidudu, imegeuka inaipiga mishipa yako mwenyewe. Mishipa inavimba, inaziba. Na damu inapita kila mahali, kwa hiyo popote panaweza kuumia."

"Mlinzi amegeuka mwizi," mkwe wangu alisema.

"Mlinzi amechanganyikiwa. Hajui tena nani wa nyumbani na nani wa nje."

Nikauliza lile lililonileta. "Atapona?"

Daktari akavua miwani. "Mama, sitakudanganya. Ila kuna mambo tunayaangalia mwanzoni, na hayo ndiyo yanayotuonyesha mgonjwa anaelekea wapi. Umri ni mmoja. Huyu bado kijana, hilo linamsaidia. Na hiyo pua yake nayo inamsaidia."

"Pua?"

"Ndiyo. Wale ambao ugonjwa umewashika puani na masikioni, mara nyingi hali yao huwa afadhali kuliko wale ambao pua zao ni nzima. Kwa nini hasa, hata sisi hatujamaliza kujua."

Mkwe wangu akatabasamu, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Ngoja nikawaambie kule karakana. Wataona wivu."

"Usifurahi mapema. Moyo nimeupima, uko sawa. Tumbo unasema haliumi. Zimebaki figo. Figo zikiguswa, mambo hubadilika, tena haraka. Mkojo wako ukoje?"

Akatazama sakafu. "Mzuri tu."

"Hauna povu? Haujabadilika rangi?"

"Mzuri tu, daktari." Kama mtu aliyeulizwa habari za nyumbani.

Daktari akaeleza kwamba kipimo cha damu cha figo kimepelekwa hospitali nyingine, maana mashine ya hapa imeharibika, na majibu yatachukua siku kadhaa. Leo wangetegemea mkojo. Ukiwa safi, angerudi nyumbani na vidonge, aonekane tena wiki ijayo. Ukiwa na damu, angelala hapo hapo, waanze dawa kali ya dripu bila kungoja.

Tukaenda maabara. Binti wa dirishani akampa kichupa chenye mfuniko wa njano, akamwonyesha choo mwisho wa ukumbi. Nilikaa kwenye benchi. Nikasikia bomba linafunguliwa, maji yanatoka, yanafungwa. Kisha yanafunguliwa tena. Alirudi kichupa kakifunga ndani ya leso, kama mtu aliyebeba yai, akapita ukutani mbali na mimi.

Yule binti akakishika, akashtuka. "Kaka, huu mkojo umetoka kwenye friji?"

"Mikono yangu ndiyo ya baridi, dada."

Binti akacheka, akaingia nacho ndani. Mimi sikucheka. Mkojo wa mtu hutoka na joto la mwili wake. Yeyote aliyelea mtoto anajua. Ndipo zile ndoo za maji uani zikaanza kunirudia moja moja, na kila moja ikabadilika sura. Hakuwa anasafisha choo. Alikuwa anafukuza rangi.

Majibu yalipotoka daktari aliyasoma mara mbili. "Hakuna kitu. Mwepesi, karibu kama maji." Alionekana kufurahi, ingawa uso wake ulikuwa na mkunjo mdogo, kama anayepiga hesabu isiyokubali. Akachukua kalamu kuandika vidonge.

Nilidhani nimeelewa tatizo. Mtu hawezi kutaja mambo hayo mbele ya mama mkwe. Hata mimi, mbele ya mama mzaa mume wangu, nisingeweza. Basi nikasimama. "Daktari, mimi natoka kidogo, miguu imekufa ganzi. Baba, zungumza na daktari, usiogope kitu."

Nikasimama nje, mgongo ukutani, nikiomba. Mlango ukafunguka. Mkwe wangu akatoka na karatasi ya dawa mkononi.

"Tayari, Mama. Twende nyumbani."

"Umemwambia?"

"Nini, Mama?"

Hapo nikaona kwamba kutoka kwangu hakukutosha. Alikwisha kusema uongo mmoja kwa ajili ya heshima, sasa angehitaji kujiita mwongo mbele ya daktari ili aufute. Na nyumbani kuna kichanga kinachomngoja. Karatasi ile ilikuwa inamtoa nje ya hospitali, naye alikuwa anaitaka.

Watu walikuwa wanapita, muuguzi anasukuma kitanda, mzee mmoja anasinzia mdomo wazi. Nikamsogelea mkwe wangu karibu kuliko nilivyowahi kumsogelea, nikasema neno ambalo sikuwahi kulitamka mbele yake.

"Mkojo."

Akarudi nyuma hatua. "Mama, tafadhali."

"Ulichompa yule binti yalikuwa maji ya bomba."

"Mama, watu wanasikia."

"Wasikie. Baba mkwe wako alipolala kitandani mwaka wake wa mwisho, nani aliyemsafisha? Mimi. Binti yangu juzi amejifungua mikononi mwangu kwa sababu gari lilichelewa, na wewe ulikuwa mlangoni unatetemeka. Nimeona vya kuonwa vyote. Unadhani wewe una kitu kipya? Mficha uchi hazai, nawe umeshazaa. Sasa niambie ukoje."

Alikuwa amesimama ameshika ile karatasi kwa mikono miwili.

"Mwekundu," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Unakaribia kuwa mweusi. Na una povu kama la sabuni. Tangu kabla mtoto hajazaliwa."

"Mke wako anajua?"

"Ningemwambiaje na tumbo lile?"

Tukarudi. Mgonjwa mwingine alikuwa ameshaingia, tukasubiri, na mkwe wangu hakuketi. Daktari alipotusikia hakumgombeza. Alichukua ile karatasi ya dawa, akaikunja, akaiweka pembeni. "Nenda kajaribu tena, fundi. Usiongeze kitu."

Safari hii alipotoka chooni nilinyoosha mkono. Alisita. Kisha akanipa. Kichupa kilikuwa cha moto kiganjani, na ndani yake rangi ya kutu. Nikakibeba mpaka dirishani bila leso, naye akanifuata nyuma, kichwa chini. Yule binti alikitazama kwenye mwanga, na safari hii hakufanya mzaha.

Alilazwa mchana huo. Dripu ikaanza kabla ya jua kuzama. Majibu ya damu yalipokuja yalikuwa mabaya: figo zilikuwa zimeumia sana, na daktari akaongeza dawa nyingine. Nikamuuliza tena lile swali langu.

"Umri uko upande wake," alisema. "Pua iko upande wake. Figo zinampinga."

"Mbili kwa moja," nikasema.

"Mama, huu si mpira. Moja linaweza kuyashinda mawili. Sehemu ya figo iliyokufa haitarudi, hilo ujue. Tunapigania iliyobaki. Muuguzi apime anakojoa kiasi gani kila siku. Akianza kupungua, niitwe."

Binti yangu nilimweleza mwenyewe. Alilia, akamnyonyesha mtoto huku analia, halafu akakasirika. "Yaani alikwambia wewe kabla yangu mimi?"

"Nilimkaba, mwanangu. Wewe huna mikono migumu kama yangu."

Juma la kwanza lilikuwa zito. Uso wake ulivimba, na mchana mmoja alilala bila kunijua. Nilikwenda kila siku na uji kwenye chupa, nikakaa, nikasikiliza pumzi yake. Nikawa nanyoosha tu shuka.

Kisha nikaingia wodini siku moja, nikamkuta ameketi, mto mgongoni. Chini ya kitanda kulikuwa na mtungi wa kupimia mkojo, umefunikwa gazeti. Muuguzi alikuwa anabadilisha dripu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

Zamani angesema nzuri tu. Akatazama dirishani, masikio yakimwiva kwa aibu.

"Leo wekundu umepungua, Mama."

Muuguzi akageuka. "Haya! Nyie ni wakwe wa wapi?"

Nikajifunika nusu ya uso kwa mtandio. Aibu haikuwa imekwisha, mimi na yeye tulikuwa tumeiweka kando tu ili kazi iendelee.

"Mwingi au kidogo?" nikauliza.

"Jana kidogo. Leo sijui. Funua uone."

Nikainama, nikaondoa gazeti.