Ukurasa wa Hajja Ftuma Ndani ya Maji

Katika Tetuan nzima, mji wa kaskazini mwa Moroko, hakuna mkono mwepesi juu ya karatasi ya kale kama mkono wa Zuhair. Hajawahi kuchana ukurasa, hajawahi kudondosha tone, na karatasi zenyewe zikimwona zinajinyoosha. Kama huamini, muulize Zuhair mwenyewe. Maneno haya aliyasema kila asubuhi kwenye maktaba ya mji, kabla hata hajavua koti. Ghizlan, aliyekuwa akifanya naye kazi chumba cha nyaraka, alimjibu bila kuinua kichwa, akimwita Si, yaani Bwana, kama ilivyo desturi ya mji:

"Karatasi zinajinyoosha kwa woga, Si Zuhair."

Na kila mwaka, tangazo la mafunzo likibandikwa ukutani, wiki moja Rabat ya kutunza picha za zamani, mwezi mmoja Tunis wa kutengeneza majalada, Zuhair alilisoma kwa sauti, kisha akacheka kwa pua. "Nikafundishwe nini mimi? Labda nikawafundishe." Halafu akangoja Ghizlan atoke kwenda kunywa kahawa, akaandika maombi mbio mbio kama mtu anayeiba. Kila mwaka nafasi ilikwenda kwa mwingine, na kila mwaka Zuhair akasema hata hivyo hakuwa anaitaka.

Safari hii mafunzo yalikuja yenyewe mlangoni. Lalla Batul, mama mmoja mwembamba wa Rabat aliyezeeka kwenye kazi ya kutibu maandiko, alikuja kuwafundisha wakutubi na watunza nyaraka wa kaskazini namna ya kusafisha na kuunga kurasa zilizoharibika. Kila maktaba iliambiwa ije na ukurasa wake mgonjwa. Mkurugenzi akawapa nafasi Ghizlan na Zuhair, kisha akamvuta Zuhair pembeni.

"Wewe utakwenda kwa Hajja Ftuma."

Hajja Ftuma alikuwa mjane wa mji wa kale, mwenye sanduku la mwerezi chini ya kitanda, limejaa maandishi ya babu yake aliyekuwa mwanachuoni. Mkurugenzi alikuwa amekunywa chai ya bibi yule miaka na miaka akiliomba sanduku, na jibu halikubadilika: babu yake hakuandika ili panya wa serikali washibe.

Lakini aliposikia habari za mafunzo, Hajja alilegea kidogo. Akatoa ukurasa mmoja, ameufunga kwenye kitambaa cheupe.

"Huyu ndiye babu yangu," akamwambia Zuhair. "Akirudi amepona, sanduku lote ni lenu. Akirudi amekufa, msipite tena mtaa huu. Hata kwa kwenda sokoni. Mzungukie nyuma."

Zuhair akafungua kitambaa. Ukurasa wote ulikuwa umejaa herufi nyeusi nene, zimepandana kama sisimizi juu ya sukari. Hakuweza kusoma hata neno moja. Basi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani.

"Naam. Mkataba wa bustani. Mwandiko wa kiungwana sana."

Hajja akaufunga tena ukurasa kitambaani. "Bustani," akasema. "Haya."

Mafunzo yalifanyika palepale maktabani, uani, chini ya roshani ya ghorofani yenye mbao za kimiani, kwa sababu mwanga wa pale ni mzuri. Lalla Batul hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza brashi, ya pili gundi ya ngano, namna ya kuipika na kuichuja mpaka iwe laini kama uji wa mgonjwa. Siku ya tatu ilikuwa somo la wino, na somo lenyewe lilikuwa fupi: ukurasa hauingii majini kabla kila wino uliomo haujajaribiwa. Tone moja dogo la maji juu ya herufi moja, kisha karatasi ya kunyonya unyevu juu yake, unabonyeza, unaangalia. Rangi ikihamia kwenye karatasi, ukurasa huo haujui kuogelea.

Somo hili Zuhair hakulisikia. Alikuwa nje mlangoni, akiwafundisha wakutubi wawili wa Shefshawen mambo ya wino.

Kesho yake ikawa siku ya kuosha. Kila mtu na trei yake ya maji, kila mtu ameulaza ukurasa wake juu ya wavu mwepesi ili usishikwe kwa vidole. Lalla Batul alipita meza kwa meza.

"Si Zuhair, wino umeujaribu?"

"Ah, Lalla! Huu ni wino wa wazee. Umekaa karatasini tangu enzi za babu, ndiyo uje utoke leo?"

Lalla Batul alifungua mdomo amjibu, lakini mtu wa Tanja akamwita kwa sauti ya kuomba msaada, kamwaga gundi kwenye kiatu, naye akageuka kwenda kumtazama. Zuhair akakunja mikono ya shati. Akamkonyeza Ghizlan. Akauteremsha ukurasa wa Hajja Ftuma majini kwa madaha, kama anayemlaza mtoto.

Kwanza maji yakawa manjano kidogo.

"Unaona? Uchafu unatoka," akasema. "Mkono, Ghizlan. Siri ni mkono."

Kisha ukatoka uzi mmoja mweusi, mwembamba, ukapanda kutoka kwenye herufi na kujisokota majini. Ukafuata wa pili. Halafu nyuzi zikawa wingu, na pamoja na wingu ikaja harufu hafifu ya sufi ya kondoo iliyoungua, na hapo Zuhair akaitambua. Ilikuwa smagh. Wino uleule wa chuo, wa sufi iliyochomwa, aliouandikia ubao wake utotoni na kuuosha bombani kila alipohitimu aya. Hakuna mtoto wa mji huu asiyejua smagh ikikutana na maji inakuwaje. Zuhair mwenyewe alijua kabla hajaota meno ya pili. Alikuja kusahau baada ya kuajiriwa.

"Utoe!" akanong'ona. "Hapana, usiutoe! Umelowa, utachanika! Mwaga maji! Usimwage!"

"Nyamaza basi, unatikisa meza," Ghizlan akasema, akiishikilia trei.

"Babu yake anaondoka, Ghizlan! Babu yake anaondoka mbele ya macho yangu!"

Ukurasa haukuonekana tena, maji yote yalikuwa meusi kama kahawa. Zuhair akachuchumaa nyuma ya meza, akajifunika uso na mkono wa shati uliolowa. Aliona mlango wa Hajja ukifungwa, sanduku likisukumwa ndani zaidi chini ya kitanda, na yeye mwenyewe akizunguka nyuma ya mji maisha yake yote kwenda kununua nyanya. Machozi yakamtoka, ya kweli, yenye chumvi.

"Ghizlan, dada yangu," akasema huku akivuta kamasi, "wewe una shangazi Malaga, kule Hispania. Hebu muulize kama mikahawani wanahitaji mtu wa kuosha vyombo."

"Kuosha umeshaonyesha unaweza," Ghizlan akasema. Halafu akamwonea huruma, akamwita Lalla Batul.

Lalla Batul alikuja bila kukimbia. Akaangalia trei. Akamwangalia yule mtu aliye chini ya meza. Akayaondoa maji machafu kidogo kidogo kwa bomba la sindano kubwa, akaongeza masafi kutoka pembeni, akayaondoa tena, akaongeza tena, na muda wote huo Zuhair alisikia maji tu yakiingia na kutoka, na moyo wake.

"Simama," akasema mwishowe.

"Siwezi, Lalla."

"Simama uone, mwanaume wewe."

Zuhair akasimama kwa kushika meza. Maji yalikuwa meupe. Ndani yake ukurasa ulikuwa umelala kimya, na juu ya ukurasa, mstari baada ya mstari, ulionyooka na kupumua, ulikuwapo mwandiko mwembamba wa rangi ya kahawia ambao hakuwahi kuuona.

"Hapa palikuwa na wino wa aina mbili," Lalla Batul akasema. "Ule mweusi wa juu ulikuwa smagh. Mtoto fulani alijifunzia herufi zake hapa, niliziona nilipopita: ba, ba, ba, ba, kutoka ukingo mpaka ukingo. Huu wa chini ni wino wa chuma, wa mtu mzima. Huu umeuma karatasi, hauendi popote."

Zuhair akataka kucheka, ikatoka sauti ya mbuzi. Akakaa kwenye ndoo, na bahati nzuri ndoo ilikuwa imefunikwa. Aliona hewa ya uani imekuwa nyingi ghafla, kama kuna mtu aliyekuwa akiizuia mlangoni na sasa kaiachia. Akapumua. Akapumua tena, kwa sababu ilikuwa bure.

"Usifurahi hivyo," Lalla Batul akasema. "Umebahatika. Kama babu ndiye angeandika kwa smagh, na mtoto kwa wino wa chuma, leo tungekuwa tumebaki na ba, ba, ba, nami ningekupeleka kwa huyo bibi kwa kukushika sikio. Na hata zile za mtoto hazikuwa zako kuzifuta bila kumwuliza mwenyewe. Picha ya ukurasa ilipigwa?"

Zuhair akaiangalia ndoo aliyoikalia.

"Niliipiga mimi," Ghizlan akasema, "kabla huyu hajaingia na mkono wake."

Mchana ule Zuhair alipewa kazi ya kujaribu wino wa kila ukurasa uliokuwamo uani, herufi kwa herufi, tone kwa tone. Alifanya bila kuongea. Wale wa Shefshawen walimwuliza kama anaumwa.

Siku ya mwisho wenye kurasa walialikwa. Palikuwa na chai ya nanaa, vitumbua vya lozi, na vyeti vimepangwa mezani. Hajja Ftuma aliingia amejifunga shela yake nzito, uso umefungwa kama duka la Ijumaa. Hakumsalimia Zuhair. Alikaa, akaweka mikono mapajani, akasema, "Nileteeni nilichowapa."

Lalla Batul akamwekea ukurasa mbele, mkavu, umenyooka, umelazwa kwenye jalada jeupe.

Hajja aliutazama. Akautazama tena. Mikono ikapanda kutoka mapajani, ikasimama hewani, haikuthubutu kugusa.

"Huu ndio mwandiko wake," akasema polepole. "Huu. Nilikuwa nakaa mguuni pake akiandika. Ule mweusi uko wapi?"

"Umetoka, Hajja," Lalla Batul akasema. "Picha yake ipo."

"Wacha utoke! Ule ni wa kaka yangu, Mfaddal! Aliuparura ukurasa wa babu na wino wake wa chuo, babu akaumwa siku mbili. Mpaka leo, kila sikukuu akija kutoka Tanja, nikimpa nyama namkumbusha." Akashika kifua. "Sasa sikukuu nitamsimanga kwa kitu gani? Someni, someni, macho yangu hayafiki. Babu anasema nini?"

Ghizlan akasoma. Mwanachuoni yule mkubwa alikuwa akimwandikia kadhi kuhusu jogoo wa jirani. Jogoo, kwa mujibu wa mzee, alikuwa akiwika kabla ya adhana ya alfajiri kwa makusudi, na mtaa mzima unaamka kuswali wakati wa swala haujaingia. Mzee alitaka kadhi aamue: je, jogoo anaweza kuhukumiwa, au ahukumiwe mwenye jogoo?

Hajja Ftuma alicheka mpaka shela ikamdondoka. Alicheka akafuta machozi, akaanza upya. "Bustani!" akamwambia Zuhair akimnyooshea kidole. "Bustani, eti! Yaa Rabi, babu yangu na jogoo." Kisha akamgeukia mkurugenzi aliyekuwa amesimama kando. "Kesho leteni mtu mwenye mgongo. Lile sanduku ni zito."

Mkurugenzi akakaa chini palepale, kwenye kiti kisichokuwa chake, akaomba chai.

Ulikuwa wakati mzuri wa kunyamaza. Mtu yeyote mwenye akili angechukua cheti chake, kitumbua chake, akaenda nyumbani. Lakini Zuhair alikuwa amepumua sana tangu jana, na mtu akipumua sana, maneno hupata nafasi. Akanyanyua gilasi ya chai, akajisogeza kwa Hajja, na watu wa Shefshawen wakasogea nao.

"Unajua, Hajja, kazi hii ni jicho. Mimi niliinama tu, nikanusa. Nikasema: juu smagh, chini wino wa chuma. Nikaamua, nautia majini kwa makusudi. Wengine waliogopa. Ghizlan, maskini, alianza kutetemeka, nikamwambia, dada, tulia, niachie mimi..."

Ghizlan akafungua mdomo. Hajja Ftuma akamwekea mkono juu ya mkono. "Mwache amalize."

"...nikayabadilisha maji polepole, kwa utulivu, na mkono wangu huu..."

"Na yule aliyechuchumaa nyuma ya meza," Hajja akasema, "kajifunika uso na mkono wa shati, anaulizia vyombo vya Malaga, alikuwa nani?"

Kijiko kimoja tu kiligonga gilasi.

"Jana nilikuja kumwangalia babu yangu," Hajja akaendelea, akionyesha kwa kidevu roshani ya ghorofani. "Mlinzi akanikalisha pale juu, nyuma ya kimiani, penye kivuli. Trei sikuiona vizuri. Lakini mtu mzima akilia namwona, na namsikia. Nikasema basi, babu amekufa mara ya pili, nikaenda nyumbani nikamsomea Fatiha."

Zuhair akainua macho kwenye roshani, akayateremsha. Chai ikamwagika kidogo juu ya cheti.

Hajja Ftuma akachukua kitumbua, akakivunja katikati, akampa nusu.

"Endelea, mwanangu," akasema. "Ulikuwa umefika pale Ghizlan anatetemeka."