Mkia wa Okidi

Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Ndivyo kanga zinavyosema, lakini kanga hazikumjua Masatu. Yeye hakukonda ng'o. Alinenepa, kwa sababu alikuwa anakula kwa hasira. Na aliyekuwa anamwonea wivu si jirani wala si fundi mwenzake, ni mke wake wa ndoa, Bhoke, mama wa mtoto wake, mwanamke ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Haya, niambie, mtu wa hivyo utamsaidiaje?

Masatu ni fundi saa, ana kibanda chake Nyasho, hapa Musoma. Siku hizi kila mtu anaangalia saa kwenye simu, kwa hiyo fundi alikuwa na nafasi ya kutosha. Ndipo alipoingia kwenye kundi la wanaojitolea kutambua okidi. Okidi ni maua ya porini, mengine yanaota juu ya miti, mengine chini kwenye nyasi za vilimani, na ukiyaangalia harakaharaka utaapa kwamba yote ni mamoja. Wanakundi walikuwa wanapiga picha za maua hayo huko Bunda, Bugwema, popote walipo, wanazituma. Wengine wanakaa nazo na kuzilinganisha na picha za mimea mikavu ya zamani, ile iliyobanwa na kubandikwa kwenye karatasi tangu enzi za mkoloni, mpaka ua lipate jina lake. Sheria ilikuwa moja tu: jina halipiti mpaka watu wawili wakubaliane. Mmoja anataja, wa pili anabonyeza "Nakubali".

Kwa kazi hiyo Masatu alizaliwa. Mtu aliyezoea kuona jino lililovunjika kwenye gurudumu la saa ya kike, ua litamshinda nini? Dokta Eufrasia, mtaalamu wa mimea aliyeanzisha kundi, alimpa jina la Jicho. "Tumsubiri Jicho aseme," watu walikuwa wanaandika, na Masatu akisoma hivyo alikuwa anatembea Nyasho kifua mbele kama mtu aliyechaguliwa diwani.

Bhoke yeye alikuwa anachukia. Mume anarudi nyumbani, anakula, anainamia simu mpaka kulala. Siku moja akaja juu: "Baba Wankyo, hivi hayo maua umeyaoa?" Masatu, kutafuta amani tu, akamwambia njoo basi uone. Akamwonyesha petali, akamwonyesha jani, akamwonyesha mkia, yaani kile kimrija kinachoning'inia nyuma ya ua, ambacho ndicho kinachotenganisha okidi moja na nyingine. Alidhani mama atachoka baada ya wiki. Kumbe alikuwa anajipalia makaa.

Maana Bhoke hakuchoka. Mwanamke yule alikuwa na subira, na alikuwa anauliza. Asipojua anasema sijui, akijua anasema kwa nini, na watu wakampenda. Haukupita mwaka, kwenye kundi ikawa "Mama Wankyo anasemaje?" Masatu akituma picha yake mwenyewe, wanamjibu, "Ngoja kwanza Mama Wankyo aione." Picha yake! Yeye Jicho! Alikuwa anasoma hayo huku mkewe amekaa pembeni yake anapepeta mchele, na moyo unamuuma kama jino bovu.

"Mbona umenuna?" Bhoke alikuwa anauliza.

"Nimechoka."

"Kula basi, mume wangu." Na Masatu anakula.

Sasa sikia ilivyotokea. Bhoke alikwenda msibani Butiama, na walipotoka makaburini akapita kwenye kilima cha mawe, akaona okidi ya kijani na nyeupe, akaipiga picha kila upande. Aliporudi Musoma akaanza kuilinganisha na zile karatasi kuukuu. Akakuta moja inafanana nayo kama pacha: jani lile, ua lile, mkia mfupi uleule. Na karatasi hiyo ilikuwa ya okidi iliyochumwa Butiama kabla ya uhuru na haikuonekana tena tangu hapo. Bhoke alipiga vigelegele jikoni mpaka majirani wakaja kuuliza nani ameolewa.

Lakini roho yake haikutulia. Jioni hiyo alimwita mumewe mezani.

"Baba Wankyo, hebu nitazamie. Huu mkia wa kwenye karatasi unanisumbua. Sijui kwa nini. Nikiuangalia naona kama kuna kitu, halafu sikioni."

Masatu akaikuza picha. Hakuhitaji hata kukaa. Mkia ule haukuwa mfupi, ulikuwa umevunjika. Ncha yake ilikuwa na meno, kama kijiti kilichokatika, wakati mkia mzima huwa na ncha laini ya duara. Na kwenye pembe ya karatasi palikuwa na kibahasha, vile vibahasha wanavyowekea vipande vilivyodondoka. Masatu akajua palepale kwamba kipande cha mkia kimo humo. Okidi ya zamani ilikuwa ya mkia mrefu. Hii ya Bhoke ya mkia mfupi ni ile ya kawaida, imejaa tele vilimani, mbuzi wanaikanyaga kila siku.

Alifungua mdomo aseme. Haki ya Mungu alifungua. Halafu akaona mbele yake watu wote wa kundi wanamcheka Bhoke, wanaandika, "Afadhali tungemuuliza Jicho," na utamu wa jambo hilo ukamjaa kinywani.

"Mbona uko sawa kabisa," akasema.

"Kweli?"

"Sasa mimi nitakudanganya?" Akanyoosha kidole, akabonyeza "Nakubali".

Bhoke akashusha pumzi. "Basi. Wewe ukishasema, mimi nalala usingizi wangu." Na kweli, alilala usingizi wake.

Dokta Eufrasia alifurahi kupita kiasi. Akaitisha mkutano Butiama, akasema Bhoke mwenyewe atawaeleza watu, na yeye ataomba karatasi ile ya asili aje nayo watu waione kwa macho yao. Masatu alipata siku nyingi za kusema kweli. Asubuhi moja alikuwa ameshanuia kabisa, maneno yako mdomoni, mara akaingia kibandani Mugeta, mwanakundi mwenzao kutoka Bunda, amekuja kubadilisha betri ya saa. Mugeta bwana, mdomo wake hauna breki.

"Hujambo, mume wa Bhoke!" akasema, akicheka.

Mume wa Bhoke! Masatu akambadilishia betri, na nia yake njema akaimeza na mate.

Siku ya Butiama ukumbi ulijaa. Bhoke alivaa kitenge kipya, akasimama mbele akaeleza vizuri, bila kubabaika, akawachekesha watu kwa habari ya yeye kutoka msibani na kuanza kulala kifudifudi juu ya mawe ili apige picha, wenye msiba wakadhani kazidiwa na huzuni. Wakampigia makofi. Masatu alikaa mstari wa pili.

Ndipo Dokta Eufrasia akaitoa karatasi ya zamani kwenye boksi lake. Watu wakasogea. "Na hapa kuna kibahasha," akasema kwa furaha, "sijui kina nini, nadhani ni mbegu. Tufungue sote tuone." Hakuwa na nia mbaya, maskini. Akakifungua kwa koleo ndogo, na juu ya karatasi nyeupe ukadondoka mkia. Mweusi, mkavu, mrefu kama kidole cha mtu mzima.

Dokta akauangalia. Akauangalia ule uliobaki kwenye ua. Akaushika mmoja karibu na mwingine, na meno yakaingiana.

"Jamani," akasema polepole, "hii si yenyewe. Na mimi nimeteleza, nilikimbilia kufurahi. Mama Wankyo, pole."

Nyuma kuna mtu alicheka. Bhoke alisimama palepale, uso umemshuka. Hiki ndicho Masatu alichokuwa anakitaka siku zote hizo, na sasa kimekuja. Alingoja ule utamu. Haukuja.

"Mkia ulinisumbua," Bhoke akasema, sauti imepungua. "Niliutilia shaka. Ila mume wangu aliniambia uko sawa, na yeye ndiye aliyenifundisha. Yeye akisemaga ndiyo, mimi siulizi tena." Akamtafuta kwa macho katikati ya watu. "Baba Wankyo, na wewe hukuuona?"

Watu wote wakageuka. Masatu akasimama. Akisema aliuona, mke amekwenda. Akisema hakuuona, jina la Jicho limekwenda. Alikuwa na nafasi ya pumzi moja tu, na katika pumzi hiyo alichagua kama wachaguavyo waoga.

"Sikuuona," akasema.

Mugeta akaanza kuguna kwa kicheko. Bhoke akamkata kauli. "Msimcheke! Macho hayo yamechokea kwenye saa zenu. Kosa ni langu, nisingemsukumia kazi ya kuangalia vitu vidogo usiku." Akashuka, akaja kukaa kando ya mumewe, akamshika mkono mbele ya watu wote. Na watu wakaguna kwa huruma. Huruma, sikia hiyo! Masatu angekubali wamtupie mawe.

Kuanzia hapo ndipo alipoujua mkono wa Mungu ulivyo. Kwenye kundi Dokta Eufrasia aliandika kwa upole kwamba picha alizozikubali Baba Wankyo zitapitiwa upya na Mama Wankyo, kwa ajili ya usalama tu. Wateja wa saa wakaanza kumuuliza kama anaona vizuri. Nyumbani Bhoke alimchambulia miiba ya samaki. Alimsomea ujumbe kwenye simu kwa sauti. Alimwambia, "Kuna ngazi hapo, Baba Wankyo," kwenye ngazi aliyoijenga mwenyewe. Na kila alipojaribu kukasirika, mama wa watu alimwangalia kwa upendo mtupu, hasira ikakosa pa kushika.

Halafu siku moja akamwambia, "Kesho tunakwenda Bunda. Kuna kliniki ya macho pale Kabasa. Nimeshaongea nao."

"Sihitaji."

"Unaogopa, najua. Nitakuwa na wewe."

Wakaenda. Mpimaji alikuwa kijana mmoja mpole anaitwa Jastin. Alimsimamisha Masatu mbali na ubao wa herufi ukutani, naye akasoma za mbali vizuri.

"Shida yake si ya mbali," Bhoke akaeleza. "Ni vitu vya karibu, vidogovidogo. Vya kwenye picha."

Jastin akampa kadi ya mkononi yenye maandishi yanayoanza makubwa na kupungua mpaka chini kabisa, ambako unaona kama vumbi tu. Masatu akaishika. Aliyaona yote. Aliiona mpaka nukta ya mwisho. Lakini alikuwa ameshajipanga tangu njiani: atasoma mistari miwili ya juu, halafu atakwama, apewe miwani, aivae, na mambo yaishe.

Akasoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili.

"Wa tatu, mzee?"

"Sioni."

"Jaribu tu."

"Nimesema sioni."

Nyuma yake akasikia sauti ndogo. Bhoke alikuwa amekaa kwenye benchi, amefumba macho, amekumbatia koti la mumewe, anaomba kwa kunong'ona. "Ee Baba, usimchukulie macho. Ndiyo kazi yake, ndiyo furaha yake. Kama ni lazima, chukua ya kwangu, mimi nitashika mkono wake tu anipeleke."

Masatu alisimama na kadi yake. Akaanza kusoma mstari wa tatu. Akasoma wa nne, wa tano, akashuka mpaka ule wa vumbi, akausoma wote. Ulipokwisha akasoma hata jina la kiwanda cha uchapaji lililoandikwa pembeni ya kadi, ambalo Jastin mwenyewe hakuwahi kujua kwamba lipo.

"Ah, mzee wangu!" Jastin akacheka, akamgeukia Bhoke. "Mama, hapa hakuna mgonjwa. Katika umri wake sijawahi kuona macho kama haya. Nani aliwaambia yana shida?"

Kunong'ona kulikuwa kumekoma. Masatu hakugeuka mara moja. Alipogeuka alimkuta mkewe amefumbua macho, anamwangalia, na aliona jambo lilivyokuwa linamwingia taratibu, kwanza furaha, halafu swali, halafu jibu.

"Uliuona," Bhoke akasema.

"Niliuona."

"Siku ileile nilipokuita."

"Siku ileile. Nisamehe, Mama Wankyo. Wivu ulinishika. Walikuwa wanakuuliza wewe tu."

Masatu alitamani mkewe apige kelele, amtukane, amtupie koti usoni. Jastin alikuwa ameinamia meza yake kama mtu anayetafuta kitu. Bhoke akainuka. Akamwekea mumewe lile koti mabegani, akalinyoosha kola, kama anavyofanya siku zote.

"Masatu," akasema. Tangu azae hakuwa amemwita hivyo. "Afadhali ungekuwa kipofu."

Akamuaga kijana kwa heshima, akachukua mkoba wake, akatoka kwenda stendi peke yake.