Kichwa Nusu

Mke wa Mpole akija saluni kwetu, wateja wengine warudi makwao tu. Anataka rasta nyembamba, zile za kumtoa machozi msusi kabla ya anayesukwa, kwa hiyo tunamshika wawili: mimi kushoto, wifi yangu kulia. Yeye anakaa na simu mapajani, na mlangoni wanakaa vijana wawili wa mumewe, wanatafuna kucha na kutazama barabara.

Mpole ndiye mwenye mtaa huu. Jina hilo alilipata kwa sauti yake, maana hajawahi kumfokea mtu. Akitaka ufunge duka, anakuomba. Na ukimuuliza kwa nini, basi wewe una moyo wa chuma, ila hutaishi nao sana.

Wifi ana mtoto mmoja wa kiume, aliyeachiwa na marehemu kaka yangu, na mimi ndiye shangazi yake wa pekee. Mpole alimweka pale kwenye kona apige mluzi akiona polisi. Alikubali, angefanyaje? Siku moja wakamtuma akamwite fundi viatu atoke nje mara moja. Fundi akatoka na nyundo yake mkononi, akicheka, kwa sababu ni mtoto anayemjua, kamshonea viatu tangu anaanza shule. Wakammaliza hapo hapo. Mtoto akatupa simu waliyompa, akakimbilia kwa mjomba wake upande wa pili wa jiji, na toka siku hiyo vijana wa Mpole wakawa wanapita kwa wifi kumsalimia. Salamu tu. "Mama, mdogo wetu hajambo? Anarudi lini?" Na yule mjomba naye, mwanamume mzima, ameshaanza kusema nyumba yake haitoshi.

Basi siku hiyo tulikuwa tumemaliza nyuma yote, tumefika utosini. Mbele nywele zake mwenyewe zimesimama wima, kichwa kizima kichekesho. Mara wifi akaweka chanuo mezani.

"Mama, mimi siendelei."

Nikamkanyaga mguu. Hata hakunitazama.

"Huendelei nini?" mke wa Mpole akauliza.

"Kusuka. Mpigie mumeo, umwambie amwache mwanangu. Akikubali namaliza. Akikataa, nenda na kichwa hicho hicho."

Jamani! Nilitaka ardhi inifungukie. Nikaanza kucheka cheka, "Mama, msamehe, hajala tangu jana, njaa hiyo inaongea." Wifi akanikata. "Njaa ya nani? Waite vijana wako hapo mlangoni waniue. Kichwa kitabaki hivyo hivyo."

Mke wa Mpole akajitazama kwenye kioo. Akageuza kichwa huku, akageuza kule, kisha akacheka mpaka akajifuta machozi. "We mama una wazimu," akasema, na huku vidole vinabonyeza simu. Akaweka sauti ya juu tusikie wote.

"Bado tu?" ile sauti laini ikauliza.

Akamweleza. Mpole akacheka kidogo. "Huyo mama nampenda. Mwambie mtoto arudi nyumbani. Alishtuka tu, ni mtoto. Nani atamgusa?"

"Unaahidi?"

"Mke wangu, si nimesema?"

Wifi akapiga magoti kwenye nywele zilizomwagika sakafuni, akawa anambusu yule mwanamke mikono. Na mimi, mbishi wa kutupwa, nisiyeamini hata nikiambiwa leo ni leo, niliinamia ile simu nikasema, "Asante, baba." Nilisema hivyo. Furaha ilitutoa akili, basi.

Mtoto alibisha alipopigiwa. "Mama, una uhakika?"

"Nimemsikia kwa masikio yangu. Shangazi yako yupo hapa, muulize. Njoo, mwanangu, njoo tule pamoja."

Akaniuliza. Nikamwambia njoo.

Alifika tukiwa tumebakiza za mbele. Alikuwa amekonda, shati la mjomba linampwaya. Akanipa shikamoo mimi, akampa na mke wa Mpole, naye akaitikia marahaba akimtazama kwenye kioo. Wifi akampa ufunguo. "Kaoge. Namalizia hapa nakuja." Akamshika shavu kwa mkono wenye mafuta ya nywele, mtoto akalifuta akicheka.

Kijana mmoja pale mlangoni akasimama, akampa mkono. "Karibu nyumbani, mdogo wangu. Twende nikusindikize."

Wifi alikuwa ameshika fungu la nywele, analipasua katikati, tuliposikia mlio. Kisha mwingine. Alitoka mbio na rasta ikimning'inia vidoleni, na sauti aliyoitoa huko barabarani sitaki kuieleza.

Nikataka kumfuata. Yule kijana aliyebaki akanyoosha mguu akaziba mlango. "Shangazi, malizia kwanza."

Nikamalizia. Upande wangu na upande wa wifi. Mke wa Mpole alikuwa analia, sitamsingizia, machozi yalimtiririka mpaka kidevuni. "Si mlimsikia? Si alisema arudi?" Lakini kichwa alikishika wima, hakukitikisa, ili nisipindishe. Na sikupindisha. Mikono yangu hii naichukia mpaka leo.

Msibani alikuja. Alimkumbatia wifi, zile rasta zikamfunika wifi uso, na nyuma yake, upande wa kulia, zilikuwa zile za mkono wa wifi mwenyewe. Mpole alituma jeneza zuri, tukalipokea. Ungelirudisha kwa nani?

Mwezi uliofuata mke wa Mpole akaja kufumuliwa na kusukwa upya. Nilimwambia wifi akae nyumbani, nitasema anaumwa. Akasema ataumwa mpaka lini. Akaja, akasimama upande wake wa kulia, akaanza kufumua alizozisuka siku ile, moja moja.

Mke wa Mpole akamwangalia kwenye kioo. Labda alitaka tu kuvunja ukimya, sijui. "Safari hii msiniache kichwa nusu, jamani," akasema.

Kijana wa mlangoni akageuka kututazama. Alikuwa yule yule aliyesindikiza.

Wifi akacheka. Nilimsikia, akacheka vizuri kabisa, akamwomba mteja ainamishe kichwa kidogo.