Mparachichi wa Mama Elyse

Mama Elyse alitoka Bukavu miaka sita iliyopita, akapewa nyumba ya mabati katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya. Siku aliyokwenda hospitali Lodwar alirudi na maparachichi matatu. Waliyala, yeye na bintiye, kisha akaziotesha mbegu. Majirani walimwambia joto la huku halina huruma. Miche miwili ilikauka kweli. Wa tatu aliujengea kibanda cha magunia, akawa anapunguza maji yake ya kuoga ili mti unywe.

Mti ulipomfika kifuani, majani yalianza kuungua pembeni. Asubuhi moja aliona vitundu vitatu kando ya shina, vyembamba kama vya kijiti, na alama za ndala za tairi. Mwenye ndala hizo aliyezoea kuingia uani kwake alikuwa mmoja tu: Awoi, mama wa Kiturkana kutoka kijiji cha Lopur, aliyewauzia kuni yeye na majirani.

Kwa Awoi alinyamaza. Kwa majirani hakunyamaza. Wiki mbili nzima alinong'ona kwamba yule mama anautilia mti wake sumu.

Siku ya kuni ilipofika alijifanya ameenda kupanga foleni ya maji, kumbe amejibanza nyuma ya mlango. Awoi akatua mzigo, akatazama huku na huku, akachomeka kijiti kwenye udongo, akakinusa.

"Unatia nini hapo?" Mama Elyse aliruka nje. "Unaua mti yangu!"

Awoi hakukimbia. "Na wewe umezika nini hapa?"

"Nimezika?"

"Watu hawana maji, wewe unamwaga chini kila siku. Unafunga macho, unaongea na udongo. Tangu uanze, mbuzi yangu mbili imekufa."

"Ninaomba Mungu!"

"Mungu iko kanisa. Hapa iko kitu chini."

Mama Elyse alitaka kumfukuza. Lakini Awoi akifukuzwa, Lopur nzima itasema Mama Elyse ana la kuficha. Akaleta jembe. "Chimba. Polepole, usikate mizizi."

Awoi aliliacha jembe, akachimbua kwa mikono. Hapakuwa na mfupa wala hirizi. Palikuwa na mizizi, na juu yake utando mweupe. Aliumega, akauonja, akatema.

"Chumvi. Hii maji ya mfereji ya kambi iko na chumvi, na wewe unapea yeye kila siku."

Mama Elyse aliuonja naye. Aibu ikampanda hadi masikioni, akakosa pa kutazama.

"Maji tamu inapatikana wapi?"

Awoi alimpima kwa macho kabla ya kujibu. "Kwa laga. Mto hiyo ikikauka, tunachimba mchanga. Lakini si kisima ya kila mtu."

Safari iliyofuata alikuja na kuni kichwani na kibuyu cha maji mkononi. Mama Elyse alikinusa kwanza. Awoi aliona. Akakichukua, akanywa mafunda mawili mbele yake, akakirudisha.

Mvua za vuli zilipoanza, mti ulikuwa umetoa majani mapya mekundu. Matunda bado. Mama Elyse alizunguka nyumba kwa nyumba kufuta maneno yake. Wengi walimcheka. Jirani yake Sylviane alimsikiliza hadi mwisho, akaenda kukitazama kibuyu, akamshika mkono.

"Dada," alisema, "yule mama amekuroga wewe pia."

Tangu siku hiyo Sylviane hanunui tena kuni za Awoi.