Pikapu ya Imran Mbele Yangu

"Ukinizibia njia leo nitakubamiza ukutani," nilimwambia Imran tukivaa helmeti kando ya pikapu zetu.

"Jaribu, Linus. Gari lenyewe linakohoa kama babu," akajibu kwa Kiswahili chake cha Mombasa.

Katika uwanja huu mdogo wa mbio, pembeni mwa London, wanaojua Kiswahili ni sisi madereva wawili tu, na hatupendani hata kidogo.

Msimamizi wa mbio alisikia ukali wa sauti yangu. Dereva anayemtishia mwenzake hufungiwa msimu mzima, kwa hiyo akamwuliza Imran kwa Kiingereza nilikuwa nimesema nini. Nikajua nimekwisha.

"Ananitakia heri," Imran akasema bila kupepesa macho.

Msimamizi alipoondoka nilimkabili. "Nani alikuomba unitetee?"

"Nikutetee wewe? Ukifungiwa nitamshinda nani? Nataka watu wako wote waliotoka mtaani kwenu Thamesmead kukushangilia waone ukila moshi wangu."

Katika mzunguko wa mwisho alikuwa mbele, bampa yangu karibu kabisa na yake. Kumgusa kidogo tu kungeizungusha pikapu yake. Lakini kama ningetimiza kitisho kile alichonifichia, ushindi wangu ungekuwa zawadi ya uongo wake. Nikatoka upande wa nje, nikakanyaga mafuta kwa hasira zangu zote. Akanishinda kwa urefu wa boneti.

Jukwaani watu wangu wakaanza kuondoka. Imran akaja akicheka, akaninyooshea mkono. Niliuacha ukining'inia hewani.