Asa Kettering wa Kikosi Chetu

Virgil Brandt alikuwa daktari wa meno mjini kwetu, Ohio. Muda wake wa ziada wote uliishia kwenye vitabu vya kale: historia za vikosi vya askari wa kujitolea, walizoandika wenyewe uzeeni baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Alivisaka minadani na kwa wajane, akavipanga kwenye makabati ya vioo. Kilichomponyoka ni kimoja tu, cha kikosi cha wilaya yetu. Nakala pekee iliyojulikana kubaki ilikuwa kwa Bi Lavinia Kettering, mwalimu mstaafu aliyeishi peke yake shambani.

"Siuzi," Bi Lavinia alimwambia mlangoni. "Lakini ingia, kahawa ipo."

Virgil aliomba walau akione. Akakigeuzageuza, akanusa ngozi ya jalada, akakagua kurasa.

"Ramani zote zimo," alisema, uso umemng'aa.

"Na watu je?"

"Watu gani, Bi Lavinia?"

"Hebu niambie, hivyo vya kwako umesoma vingapi?"

Virgil alikohoa. "Ukivifungua sana vinaachia mshono."

"Basi wewe unafuga ng'ombe ambaye humkamui."

Akamweleza kwamba kila mwisho wa Mei, siku ya kuwakumbuka wanajeshi, baba yake alikuwa akisoma makaburini majina ya waliokufa yaliyomo kitabuni humo, na baadaye akawa anasoma yeye. Sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu.

"Mwaka huu nisomee. Habari ya kuuza tutaiona baadaye."

Siku hiyo kulikuwa na manyunyu. Walikuja watu wachache, wengi wao akina mama wenye maua ya bustanini kwao. Virgil alianza mbiombio, kama anayeita wagonjwa kutoka barazani.

"Polepole, daktari," Bi Lavinia alimwambia. "Hao hawana haraka."

Akapunguza mwendo. Siku zote alidhani wameuawa kwa risasi. Kumbe huyu surua, yule homa, mwingine kaanguka mtoni akinywesha farasi.

"Asa Kettering, mpiga ngoma, miaka kumi na sita. Kuhara damu, Nashville."

"Yupo," Bi Lavinia alijibu taratibu. Ndivyo babu yake, ndugu wa Asa, alivyokuwa akimwitikia.

Kwa jina lililofuata aliitika mama mmoja wa nyuma: "Yupo." Kisha wakawa wanaitika wote. Virgil alisoma hadi mwisho. Akafunga kitabu, na asiondoke. Tulidhani anatafuta miwani.

"Dale Brandt," alisema. "Miaka ishirini. Vietnam."

Tangu mazishi ya mwanawe, hakuna aliyewahi kumsikia akilitaja jina hilo, hata mkewe. Hakuna aliyejua kama inafaa kuitika. Bi Lavinia akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wake.

"Yupo," alisema.

Virgil alilia palepale, kofia mkononi, mvua ikimnyeshea kichwani.

Kitabu hakukiulizia. Alimrudisha Bi Lavinia kwake kwa gari, akabaki kunywa kahawa, na ndipo alipoanza kumsimulia jinsi Dale alivyopenda kuvua kambare chini ya daraja la reli, na jinsi alivyokuwa mwongo akitaja ukubwa wao.