Mkono Mfukoni

Mama Vali alikuwa ameinamia amplifaya ya Babu Nyuzi, mkono wa kulia umeshika ncha ya mita ya kupimia umeme, wa kushoto umezama kwenye mfuko wa aproni. Ndivyo alivyofundishwa na marehemu baba yake, fundi wa kwanza wa kibanda kile: ukigusa mashine yenye umeme mkali, mkono mmoja ukae mfukoni, umeme usipate njia ya kupita kifuani. Enzi za usichana wake magauni hayakuwa na mifuko, basi baba mtu akayabeba yote kwa fundi cherehani, kila moja likatiwa mfuko upande wa kushoto. Mama yake alilalamika kwamba mtoto anavalishwa kama kondakta. Baba akajibu, heri kondakta mzima.

Amplifaya yenyewe ilikuwa ya kizamani hasa, ya zile za vali, taa za kioo zinazowaka wekundu kwanza ndipo sauti itoke. Babu Nyuzi alikaa kwenye benchi, gita mapajani, roho juu. Jumamosi iliyopita mngurumo ulimeza nyimbo zake zote kule ukumbini anakopiga, na mwenye ukumbi akamwambia bila kupepesa macho: Jumamosi hii ikinguruma tena usirudi, yupo kijana mwenye kinanda. Jumamosi yenyewe ilikuwa kesho. Babu hakuwa na kazi nyingine, wala umri wa kuitafuta.

Ugonjwa Mama Vali alishaujua. Kapasita mbili, vikopo vinavyotunza umeme ndani ya mashine, zilikuwa zimechoka. Moja alishaibadilisha. Ya pili aliinunua asubuhi ile. Bei ilikuwa imepanda tena, na alipouliza kwa nini, muuzaji aliinua macho darini, utadhani bei hukaa huko. Sasa alikuwa amechomoa vali zote ili apime vizuri kabla umeme wa mtaa haujakatika, maana siku hizi ulikatika bila hodi.

Ndipo alipoingia afisa wa manispaa, nyuma yake askari kijana amebeba kopo la rangi nyekundu. Afisa alieleza kwa kirefu kwamba vibanda vyote vya upande ule vimo ndani ya eneo la maegesho, na kwamba tangazo lilishabandikwa. Mama Vali akauliza lilibandikwa wapi. Ofisini, akajibiwa. Akauliza tena, mtu wa kibandani alisome vipi tangazo lililoko ofisini?

Lakini macho ya afisa hayakuwa usoni pa mama, yalikuwa mfukoni. Kila mkono ule ulipotikisika kidogo, naye alilainika kidogo. Mwishowe alimwambia askari atoke nje akapunge upepo, akashusha sauti.

"Mama, wewe ni mtu mzima. Toa basi tumalize."

"Nitoe nini?"

"Hicho ulichoshika."

Mama Vali akautoa mkono, kiganja wazi: vidole vitano na makovu ya chuma cha kuchomelea. Akamweleza habari ya umeme na kifua. Babu Nyuzi akaangua kicheko, na hicho ndicho kilichoharibu mambo. Angejitia kukohoa, pengine yangeishia hapo.

Afisa alikunja uso, akamwita askari. Mashine inachukuliwa, akasema, ni kidhibiti. Mama Vali alilijua bohari la manispaa. Vitu huingia kwa mlango wa mbele, vikitoka hutoka kwa wa nyuma, na havirudi kwa wenyewe. Kicheko cha Babu kilikatika. Alilikumbatia gita.

Askari alichomoa plagi, akakunja mikono ya shati, akanyoosha vidole kwenye tumbo wazi la mashine. Mama Vali angeweza kunyamaza tu, na Mungu amsamehe, wazo hilo lilimpitia. Kisha akaviona viatu vya yule kijana, vimeshonwa na kushonwa tena.

"Usiiguse, mwanangu. Ina umeme."

"Plagi si hii hapa?"

Aliurudisha mkono mfukoni, akachukua bisibisi ya mpini wa plastiki, akailaza juu ya miguu ya kapasita. Paa! Cheche ya buluu ikaruka. Askari alijikuta yuko nje, kofia yake imebaki ndani.

"Sasa haina kitu," Mama Vali akasema. "Chukueni."

Ulikuwa ukweli mtupu. Umeme wote ulishatoka, hata mtoto angeikalia. Afisa akamwamuru askari abebe. Askari akajibu, kwa heshima zote, kwamba mkubwa ndiye hutangulia. Mkubwa akaitazama mashine, akaitazama saa yake, akasema ana vikao. Wakachora msalaba mwekundu kwenye mlango: wiki ijayo kibanda kivunjwe. Askari aliomba arushiwe kofia yake.

Mama Vali hakupoteza muda. Alichomelea kapasita ya pili, akazirudisha vali moja moja, akachomeka plagi. Kimya.

"Imekufa?" Babu akanong'ona.

"Subiri. Mzee mwenzako hiyo, haiamki kwa kukurupushwa."

Wekundu ukaanza kwenye taa moja, ukafuata kwenye nyingine. Mngurumo haukuja. Babu aligusa uzi mmoja tu, na sauti ikatoka safi, nene, ikapita mlangoni hadi barabarani. Yule askari, aliyekuwa anachora msalaba kibanda cha tatu, aligeuza shingo. Babu alipiga tena, machozi yakimtiririka bila aibu. Kisha aliiona rangi mbichi mlangoni, akasita.

"Mimi kesho nina kazi," alisema. "Na wewe, mwanangu, wiki ijayo?"

Mama Vali alikuwa anafuta bisibisi yake kwa aproni.

"Meza inabebeka, Babu. Mfuko ninao. Hebu piga ule uzi wa chini, nisikie."